Mkono wa Kufungulia Biashara

Siku Bunruean alipomwona Charun kwa mara ya kwanza, soko la Lampang, kaskazini mwa Thailand, lilikuwa bado na giza na sufuria zake za mchuzi zilikuwa zimefunikwa. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, lafudhi ya Bangkok. Aliinua mfuniko bila kuomba ruhusa, akanusa.

"Huu wa nguruwe na tangawizi, kiasi gani, dada?"

"Mfuko baht thelathini."

"Kumi na tano."

"Mjomba, kwa kumi na tano nitakuuzia harufu."

"Haya, kwaheri."

Akageuka. Bunruean akamwita arudi, roho ikimuuma. Mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, siku nzima imeharibika. Kila mwenye meza pale analijua hilo, hata wanaojifanya hawaamini. Akafunga mchuzi kwenye mfuko wa plastiki, akakaza mpira, akapokea sarafu mbili, ya kumi na ya tano. Kisha akazigusisha juu ya kila sufuria akinong'ona maneno ya kuita wateja.

Kosa lake lilikuwa kufanya hivyo mbele ya yule mzee. Charun alisimama akamtazama mpaka sufuria ya mwisho, na kesho yake alifika kabla hajawasha hata taa.

Charun alikuwa ametunza stoo ya kiwanda cha vigae miaka mingi. Alipostaafu aliambiwa kwamba Lampang mtu anaishi kwa theluthi ya gharama za Bangkok, akafunga mizigo. Alipanga chumba nyuma ya gereji, na kwa kuwa mwenye nyumba alimtoza umeme bei ya kuruka, jioni alikwenda kukaa kwenye ukumbi wa hekalu, chini ya feni isiyo yake. Alibishania bei ya nyanya, ya kunyoa, ya kuziba pancha. Na kila akishinda alisema kwa sauti, "Mji wenu rahisi kweli!"

"Rahisi kwa nani?" Bunruean alimfokea siku moja. "Gesi nainunua bei ileile ya kwenu."

"Mbona unauza, sasa?"

Kodi ya meza ilikuwa imepanda. Ilibidi Bunruean aiue ile nusu bei bila kuiua bahati ya siku. Akapanga na Orathai, jirani yake muuza soseji, awahi kununua mfuko mmoja.

Charun alipofika akacheka. "Jirani hamfungulii jirani biashara. Hizo pesa zimevuka meza tu, kesho zitarudi. Wa kwanza ni mimi."

Kilichomkera Bunruean ni kwamba moyoni alikubaliana naye. Akampa kwa kumi na tano.

Hapo mzee akavimba kichwa. Wiki iliyofuata akadai na wali wa kunata, bure. "Tangu nikufungulie mimi, saa tatu sufuria zako nyeupe. Mkono wangu ni mali, dada. Uulipie."

"Kamfungulie Orathai!"

"Nakwenda."

Akaenda kweli, hatua chache tu, na Orathai, bila hata aibu, akampa soseji nusu bei na wali juu yake.

"Samahani, dada," Orathai alisema. "Bahati haina mwenyewe."

Mteja wa kwanza wa Bunruean siku hiyo alikuwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Alilipa thelathini bila kuuliza. Palipokucha mvua ikamwagika na sufuria mbili zikarudi nyumbani zimejaa. Siku ya pili ikarudi moja. Familia ikala mchuzi uleule mpaka watoto wakanuna. Alfajiri ya tatu mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwita mzee, akaufunga. Siku hiyo aliuza mchuzi wote.

Kwa Orathai mambo yalikuwa mabaya. Soseji zililala. Siku ya kumi akapiga kelele soko zima likasikia:

"Ondoka! Mkono wa nuksi huo! Tangu uniguse, hata nzi hatui hapa!"

"Soseji zako zina chumvi kupita kiasi," Charun alijibu. "Usinisingizie mimi."

Mvua iliyorudi karibu kila asubuhi ndiyo iliyokuwa imefukuza wateja, Bunruean alilijua hilo. Lakini alizunguka kwa wauza mboga, akawaambia kwamba hata kwake yule mzee alileta mkosi, ila alimwonea huruma. Hakuona haya.

Sasa Charun akisogea kwenye meza yoyote alfajiri, anaambiwa, "Subiri kwanza, babu, mwingine anunue." Anasimama pembeni na mfuko wake wa kitambaa mpaka watu wengine walipe. Kisha naye analipa bei kamili, kwa sababu wa pili hana cha kumtishia mtu. Siku nyingi hanunui. Ana jiko dogo la umeme chumbani, na mwenye nyumba anafurahi.

Bunruean anapata thelathini zake. Orathai, aliyeambiwa kwamba alisukumiwa mkosi kwa makusudi, hajamsalimu tangu hapo, na sasa Bunruean akitaka kwenda chooni hana wa kumwachia meza.