Mkeka wa Wadogo

Mdogo wangu alikuwa darasa la tatu, na madam mpya akasema kipindi cha kusoma atakaa na watoto wa darasa la kwanza. Eti amempima, hajui kusoma. Alirudi nyumbani amejifunika uso kwa mtandio. Mimi sikuuliza mara mbili. Nilifunga duka la dawa za mifugo ninamouza hapa Garsen, nikaenda shule na hasira zangu zote.

Maana aliyemfundisha kusoma ni mimi. Shule niliacha mapema, ng'ombe walikuwa wengi na wa kuchunga ni mimi tu. Nimejisomesha mwenyewe dukani, kwa pakiti: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, nashika jina zima kama tulivyoshika sura madrasa, mpaka mdomo unakwenda wenyewe. Nikaona hiyo ndiyo njia. Kila siku baada ya magharibi mimi nasoma mstari, yeye anafuata. Akikosea neno, kofi. Akiinamia kitabu kutafuta herufi, kofi pia. "Nitazame mdomo," namwambia, "huko kitabuni watafuta nini?" Alishika kurasa kumi na mbili. Nilijigamba naye mpaka kwa wateja.

Nilikuta madam amewapanga watoto kwa mikeka, si kwa darasa. Kila mkeka na kiwango chake. Wadogo walikuwa wanasema "mmm", halafu "sss", wote pamoja.

Nikasimama mlangoni. "Madam, hii ni shule ama zizi? Mbona wanalia kama ndama?"

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. "Wanaanza na sauti ya herufi, halafu wanaziunganisha. Nimewapima wote, mmoja mmoja. Hakuna niliyemwonea."

"Umemwonea mdogo wangu. Huyo anasoma kuliko wewe. Mpe kitabu hapa, mbele ya watu."

"Wacha nimpime kando, kaka."

"Hapa hapa. Ama waogopa?"

Mdogo wangu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Nilidhani ni aibu tu. Nikamsukuma mbele.

Akasoma ukurasa wa punda aliyekataa kuvuka mto. Hakukosa hata neno moja. Nikampigia makofi, nikamgeukia madam nione atasema nini. Madam akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Hili neno gani?"

Mdogo wangu akarudi juu kabisa, akaanza hadithi upya kwa sauti ndogo, kidole chake kikiruka neno baada ya neno, ili afike pale. Kidole kikafika kabla ya mdomo.

"Maji," akasema.

"Kamba," akasema katoto kamoja ka mkeka wa wadogo, hata bila kuulizwa.

Darasa zima likaangua kicheko. "Mkubwa mzima hajui kamba."

Nikamzaba kofi. Mimi niliyekuja kumtetea, nilimpiga mbele ya wote, na nilikuwa nimeshaelewa kosa ni la nani.

Madam akaingia kati yetu. Akamuuliza, "Nyumbani unasoma vipi?"

"Kaka anasoma, mimi nasema. Nikiangalia kitabu ananipiga."

"Wewe," madam akaniambia, "toka kwa darasa langu."

Nilitoka, na dukani nikamwambia kila mtu yule mwanamke amemchanganya mtoto makusudi. Nilisema hivyo wiki nzima. Mdogo wangu alikaa mkeka wa wadogo, magoti yamemfika kidevuni, wanamwita bibi. Kila asubuhi alienda bila kusukumwa.

Baada ya miezi kadhaa nilirudi nyumbani nikamsikia anamsomea mama ukurasa ambao sikuwahi kumfundisha. Alisoma polepole, silabi kwa silabi. Alikosea, akarudi, akajirekebisha mwenyewe. Nikaingia, nikakaa karibu.

"Endelea," nikamwambia.

Akafunga kitabu.

"Msomee kaka yako," mama akasema.

"Sitaki. Ataniharibia."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chai haina sukari. Nilingoja mama amkemee. Mama akaniambia niende nikawatazame ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshafungiwa, na sote watatu tulijua. Nikatoka. Sikuwa nimefika hata uani, nikasikia ameanza tena.