Gunia mbele ya rejeta: safari ya Ibra kwenda Nizwa iliyotufundisha winter ya Oman

Wakuu, salaam aleikum, na kwa mlionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Juzi kijana mmoja aliuliza gari aliandaeje kwa safari za winter huku Oman, watu wakamjibu, "Winter gani, jangwani huko?" Nilicheka, halafu nikakosa raha mchana kutwa. Nimeona bora niandike. Sitaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa Tabora, tukaja Oman miaka ya sabini na wazazi wetu. Wazazi wakakaa Nizwa, mimi na mdogo wangu Zuwena tukaolewa Ibra, nyumba zetu zinatazamana. Na mimi ni mwoga wa safari. Sijifichi. Mlango wa gari ukifungwa tu, naanza kusoma dua.

Hii ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Zuwena alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti, na arubaini inakaliwa hukohuko. Ibra hospitali ilikuwepo, lakini hakuna aliyeitaja. Zuwena anakwenda Nizwa kwa mama, basi. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza.

Kulikuwa na njia mbili. Ya lami ilizunguka mbali sana kupitia huko juu milimani. Ya pili ilipita Mudhaibi, fupi zaidi, lakini ya changarawe na inakata mawadi. Wadi ni mto usiokuwa na maji. Ni mchanga na mawe matupu, na mgeni akipita anaona ni bonde tu.

Shemeji yangu Hemedi, mume wa Zuwena, akachagua ya changarawe. Alisema mizunguko ya milimani itamtapisha mkewe.

Sasa huyu Hemedi. Naye ni wa bara kama sisi, na kabla ya kuja Oman aliendesha lori la viazi Njombe. Mtu akishaendesha lori Njombe, wakuu, huwezi kumwambia kitu kuhusu baridi.

Kuandaa gari aliandaa, nimpe haki yake. Pikapu yake nyekundu aliikagua siku nzima. Oili, betri, maji ya wiper, upepo wa matairi, spea, jeki, kamba, koleo. Nyuma akafunga madumu mawili ya maji, mablanketi, tende, na sanduku la nguo za mtoto. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu vitu moyoni, na kila alichoongeza kilinitia hofu zaidi. Nilijiuliza, mtu anayejiandaa hivi anatarajia nini?

Mwisho akaleta gunia la katani, akalikunja, akalifunga kwa waya mbele ya rejeta.

"Shemeji, hilo la nini?" nikamuuliza.

"Hita ya gari imekufa," akasema. "Injini ikipigwa na upepo wa baridi haipati moto, na Zuwena ataganda miguu. Njombe sote tulifunga hivi."

Akakaza waya kwa koleo la mkononi, akaupinda ncha, akaupiga na nyundo juu yake. Hemedi hakufanya kitu nusu.

Tuliondoka asubuhi baada ya kupata kahawa. Baridi ilikuwa kali, ile ya kuingia kwenye mifupa. Tulikaa watatu mbele, Zuwena dirishani, mimi katikati na gia baina ya magoti. Gunia lilifanya kazi. Joto likapanda kutoka chini, Zuwena akavua soksi, Hemedi akanitazama kwa jicho la ushindi.

Angani juu yetu kulikuwa kweupe. Lakini upande wa kaskazini, kwenye milima, kulikuwa na wingu jeusi limekaa palepale tangu tutoke. Nilimwonyesha.

"Mvua ya huko ni ya huko," akasema. "Hapa hata tone hakuna."

Kwa mtu wa Tabora maneno hayo yana akili. Kwetu mvua ikinyesha kwako, mto unajaa kwako.

Jua likapanda. Winter ya Njombe ni baridi mpaka jioni, lakini winter ya huku, ikifika saa nne, jua linakuwa jua. Tulipita Mudhaibi, nikaanza kusikia harufu ya chuma cha moto. Halafu mshale wa joto ukawa juu kabisa na mvuke ukatoka chini ya boneti. Tulikuwa tunateremka kuingia wadi moja pana (jina lake naliacha, wenyeji watanibishia mahali penyewe). Hemedi akazima injini, pikapu ikaserereka hadi chini, ikasimama katikati ya mchanga.

"Afadhali tumesimama hapa," akasema. "Hapana upepo. Tuiache ipoe, tuongeze maji, twende."

Na kweli palikuwa pazuri. Kingo za wadi zilizuia baridi, mchanga umeshika joto. Tukatandika mkeka, Zuwena akanyoosha miguu yake iliyovimba, akajifunika blanketi na kula tende. Hemedi akawa anahangaika na ule waya wake, alitoe gunia lililoziba upepo. Haukufunguka. Aliupinda yeye mwenyewe.

Mimi sikuweza kukaa. Kulikuwa na ubaridi mpya, wenye unyevu, unapita chini chini kwenye mchanga. Nikanusa udongo uliorowa, na pale hapakuwa na kitu kilichorowa.

Ukingoni, upande tuliotoka, ikasimama pikapu nyingine. Mzee mmoja wa Kibedui akapiga honi, mara nyingi, akitoa mkono nje na kuupunga.

Wakuu, sisi ni watu wa Tabora. Mtu akikupungia, unampungia. Tukampungia sote watatu. Zuwena alipunga na tende mkononi.

Akashuka kwenye gari, akawa anakimbia kuteremka, anapiga kelele kwa Kiarabu. Hapo ndipo nilipousikia mlio wenyewe. Ilikuwa kama malori yanamwaga kokoto, mbali, bila kusita.

"Tokeni! Wadi inakuja!" ndicho alichokuwa anasema.

Nilimshika Zuwena chini ya makwapa, nikamwinua. Alikuwa peku. Hemedi akaruka ndani ya pikapu, akawasha. Starta ikazunguka, injini haikushika. Akawasha tena.

"Hemedi, iache!" nikamwambia.

"Inashika hii, Shemeji. Tangulieni."

Zuwena akasimama. Alikuwa mzito na amechoka, lakini alikita miguu mchangani, nikashindwa kumsogeza.

"Siendi," akasema. "Hemedi akibaki na mimi nabaki."

Sijawahi kuogopa vile tena maishani mwangu, hata siku niliyofiwa. Nyuma yangu gari linakoroma, juu ya wadi mlio unakua, na mdogo wangu na mtoto wake wamegeuka mti. Nikamwambia Hemedi neno ambalo sitaliandika humu kwa heshima ya moderator. Akanitazama, akamtazama mkewe, akateremka.

Ukingo ulikuwa wa changarawe, unapanda hatua unateleza hatua. Yule mzee alikuwa keshafika juu yetu, lakini hakutaka kumshika mwanamke asiyemhusu. Akavua kilemba chake, akakifungua chote, akatupa ncha moja. Zuwena akajizungushia mkononi. Mzee akavuta, mimi na Hemedi tukasukuma kwa nyuma. Tulipofika juu nikageuka. Maji yenyewe sikuyaona mwanzo, niliona ukuta wa taka, matawi, makopo, mbuzi aliyekufa, halafu tope la rangi ya chai ya maziwa. Mkeka ukaenda. Pikapu ikainuka upande mmoja, ikageuka taratibu, ikaondoka na sanduku la nguo za mtoto.

Na kulikuwa na jua. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha. Juu yetu hapakuwa na hata wingu.

Mzee alikuwa anahema, kichwa wazi.

"Nimewapigia honi, mkanipungia," akasema kwa Kiarabu. "Nikasema, hawa ni wazimu au wageni."

Hemedi alikuwa na pasipoti ya Kiomani mfukoni. Alikuwa akigombana na kila mtu aliyemwita Mzinjibari, jina wanalotuita sisi tuliotoka Afrika. Siku ile aliinamisha kichwa.

"Wageni, ya ammi," akajibu, yaani ami yangu.

Mzee akatupeleka kwake, hapakuwa mbali. Njiani Zuwena akanishika mkono, akaninong'oneza.

"Dada, mtoto hachezi."

"Tangu lini?"

"Tangu tupande ukingo."

Sikumwambia Hemedi. Nilikaa na neno lile kifuani njia nzima, mkono wangu juu ya tumbo lake ndani ya blanketi, nikisoma kila dua ninayoijua na nyingine nikizichanganya. Mke wa mzee alimpokea bila maswali mengi, akamlaza ubavu, akampa maji ya moto yenye asali, akamsugua miguu na samli. Tukakaa. Kahawa ikaletwa, ikapoa mbele yangu. Sikumbuki ilikuwa muda gani. Nakumbuka nilikuwa nautazama uso wa Zuwena, na ghafla akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Kacheza," akasema.

Hemedi hakujua kwa nini nilitoka nje kulia.

Mzee aliturudisha Ibra, moja kwa moja hospitali, wakasema mama na mtoto wazima ila asisafiri tena. Hapo ikabaki kazi ya kumpigia simu mama Nizwa. Nikamweleza yote, nikamwambia mtoto hatazaliwa kwake.

"Basi nitakuja mimi," mama akasema.

Kesho yake akaja, kwa njia ya lami, amekaa kiti cha mbele cha teksi na vyungu vyake na dawa zake za uzazi. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba yuko radhi kuja.

"Nani aliniuliza?" akasema.

Wakuu, neno hilo ninalo mpaka leo. Tulikagua oili, betri, spea na upepo wa matairi. Safari yenyewe hakuna aliyeikagua.

Pikapu ilipatikana chini huko, imelalia mti, vioo hakuna, milango hakuna. Gunia lilikuwepo. Waya haukulegea hata kidogo.

Kwa yule kijana aliyeuliza: kagua gari lako kama alivyokagua Hemedi, beba maji na blanketi, lakini usiige winter ya kwingine. Kabla ya kutoka tazama milimani, usitazame juu ya kichwa chako tu. Wadi hata ikiwa kavu usisimame ndani, hata gari ikichemka, heri injini iungue ukiwa juu. Ikiwa na maji, kaa ukingoni usubiri na wenzako. Na mtu asiyekujua akikupungia, simama ujiulize anakwambia nini.

Yule mtoto alizaliwa Ibra, mikononi mwa bibi yake. Sasa ana watoto wake na anaendesha mwenyewe. Mwaka huu mvua ilipopiga alinipigia simu yuko njiani.

"Mama mkubwa, nipo ukingoni, maji yanapita. Nitachelewa."

Nikamwambia achelewe. Nikakaa na simu mkononi mpaka alipofika.

Nani mwingine humu keshakutwa na wadi? Tuambieni, na vijana wasome. Hemedi naye yumo humu kwa jina la bandia, na najua atakuja kubisha habari ya ule waya. Mwacheni abishe. Ninafurahi yupo wa kubisha.