Msimu Baba Alipovaa Mkufu wa Meya

Nyumba yetu ilinukia spiriti. Zahanati ya baba ilikuwa mbele, kando ya barabara, nasi tuliishi nyuma yake, na mlango uliotutenganisha haukufungwa kamwe. Upepo wa alasiri ulileta vumbi la magadi kutoka Ziwa Nakuru, likachanganyika na spiriti ile na mvuke wa chai ya maziwa ambayo mama aliwapelekea wagonjwa waliotoka Njoro na Subukia. Baba alikuwa na sheria moja: watu wa nyumbani hutibiwa mwisho. Hata nilipougua surua, nilingoja hadi mgonjwa wa mwisho alipoondoka. Mama aliitetea sheria hiyo kwa fahari. Mke wa daktari, alisema, hampiti kwenye foleni mtu aliyetembea tangu alfajiri.

Mwaka madiwani walipomchagua baba kuwa meya, masika yalichelewa. Alivaa mkufu mzito wa cheo, tukampigia makofi, na kesho yake akarudi zahanatini, akiamini angeweza kushika yote mawili. Lakini foleni ilikuwa imegeuka.

"Kikohozi kimeanza lini, mzee?" alimuuliza muuza viazi mmoja.

"Daktari, mimi siko mgonjwa. Ni kanjo, hawa askari wa manispaa yako, wamebomoa kibanda yangu."

"Na unavyokohoa hivyo?"

"Hiyo itangoja. Niandikie ya kibanda, dawa nitakuja siku ingine!"

Watu waliangua kicheko, baba pamoja nao. Hakumfukuza yeyote. Foleni ambayo zamani ilikwisha kabla ya jua kutua sasa haikuwa na mwisho, na mwisho huo ndio uliokuwa zamu ya mama.

Jioni moja nilimsikia mama akimwambia baba, sinia mkononi, "Baba Wairimu, ukipata nafasi uniangalie hapa kwapani."

"Ni jipu?"

"Sijui. Haliumi."

"Nikimaliza hawa."

"Maliza tu. Wametoka mbali."

Alipomwangalia hatimaye, mahindi yalikuwa yamekauka mashambani. Kupitia mlango ule niliona mkono wa baba ukisimama, usiende mbele wala kurudi. Tulimzika mama kabla ya mvua nyingine. Waombolezaji walijaa hadi barabarani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu walikuja wote.

Leo Nakuru ni jiji, na cheo cha meya hakipo tena. Palipokuwa na zahanati wanauza simu. Sokoni wanawake wazima hunishika mkono, wakiniambia baba yangu ndiye aliyewapa mahali pa kuuzia. Nami huwashukuru, kwa sababu ni kweli. Nimeshapita umri aliofia mama. Baba anaishi peke yake mtaa wa Free Area. Kila ninapomtembelea, kabla hata hatujasalimiana, huvuta kiti karibu na dirisha penye mwanga na kusema kwa sauti ya chini, "Kaa hapa kwanza, nikuangalie." Simwambii kwamba nilipimwa saratani hospitalini juzi na niko salama. Ninakaa.