Mgeni Kwao Ibra

Mama yetu alipofika Ibra, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuwa keshachoka kuhama. Unguja tuliitoka baada ya mapinduzi, tukakaa Dubai kwa watu, kisha tukasikia Oman inawaita watu wake walioko nje warudi wajenge, hasa wenye elimu. Basi tukarudi. Nasema kurudi kwa mazoea tu, maana Ibra sikuwa nimeiona hata siku moja, wala mama hajaiona. Aliyeijua ni baba, na baba kazikwa Unguja.

Majina ya watu wote nitakaowataja ninayo kichwani, wao na baba zao na babu zao. Sitayaandika. Walio hai wana haya zao, na waliokufa sikuwahi kuwaomba ruhusa.

Aliyetupokea ni mwana wa ami yetu, mtu asiyetoka Ibra maisha yake yote. Miaka yote ile ndiye aliyekuwa akiitilia maji mitende ya baba. Alitupa nyumba ya udongo karibu na falaji, ule mfereji unaogawa maji ya mji, na kila alipopita kwetu alitutania. "Nyie watu wa Zanjibari," atasema, "mkipewa jangwa mtauliza nazi ziko wapi." Mama alicheka pale, akaenda kulia jikoni. Alikuwa na haja moja tu duniani: kitinda mimba wake, ndugu yangu mdogo, arudi akae naye.

Ndugu yangu huyo alikuwa Uingereza. Alikwenda kusoma kijana mdogo, na pasi ya kusafiria ya Zanzibar ya wakati wa Sultani mfukoni. Akiwa huko huko, ile nchi iliyompa pasi ikaondoka. Alinisimulia mwenyewe: alikwenda ofisini kuiongeza muda, karani akaipindua pindua, akaenda kumwita mkubwa wake, wakarudi wawili wakamwambia serikali hiyo haipo tena. Alikaa miaka hana pa kuitwa wa wapi, hawezi kusafiri, hawezi kutuona. Mwishowe Waingereza wakampa pasi yao. Akasoma mpaka akawa daktari wa macho.

Alikuja Ibra mara ya kwanza wakati wa baridi, tumekwisha kuwa na barabara ya lami lakini umeme bado kwa nyumba nyingi. Aliposhuka garini nilimwona mtu mzima mwenye mvi za pembeni, na mimi nilimwacha hana ndevu. Akaninamia. "Shikamoo dada." Mama alimshika uso kwa mikono miwili akampapasa kama kipofu, akasema, "Umekonda. Huko hawapiki?"

Zamani zile Ibra macho yalikuwa balaa. Kina mama wengi kope zao zilikuwa zimegeuka ndani, zinakwaruza mboni, na dawa yao ilikuwa kibano: wanakaa kivulini wananyofoana kope, huyu kwa huyu. Habari ilipoenea kwamba mtoto wa yule mama wa Zanjibari ni tabibu wa macho, asubuhi yake tulikuta uani pamejaa. Kiarabu chake kilikuwa cha madrasa, mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria. Bibi mmoja jirani alimkazia jicho lake moja lililobaki.

"Huyu ndiye daktari? Mbona anaongea kama anasoma khutba?"

"Mvumilie bibi, kakulia ugenini."

"Basi mwambie asiniambie maneno mengi. Aniambie nitawaona wajukuu au sitawaona."

Akamwangalia kwa kurunzi, akasema pakipatikana mahali safi pa kupasulia, atawaona. Mama alikuwa kakaa mlangoni na tasbihi yake. "Unaona, mwanangu?" akasema. "Kazi inakungoja na viatu mkononi."

Na yeye alitaka. Nisiwe mtu wa kumsingizia ndugu yangu, alitaka sana. Ila palikuwa na jambo la jinsia, yaani uraia. Wakati ule mtu aliyetoka Afrika, ili aandikwe Mwomani, shekhe wa kabila lake amshuhudie kwamba ni wao, babu kwa babu. Hilo halikunitisha. Jioni mbili tatu nilimkalisha nikimsomesha nasaba yetu huku nakata vitunguu, mpaka akaishika. Kilichokuwa kigumu ni sharti la pili: anayechukua jinsia ya Oman aiache nyingine. Mbili hazikai mfuko mmoja.

Mwana wa ami alimwona anawaza, akamwambia, "Wenzako pasi ya pili wanaitia kabatini na kufunga. Nani atafungua kabati lako?"

"Nitaambiwa niape," akasema ndugu yangu.

"Basi apa haraka haraka."

"Siapi uongo, mwana wa ami. Hata haraka haraka."

Siku ya kwenda kwa shekhe, wanaume waliingia sabla, chumba chao cha baraza. Mimi na mama tulikaa kwa wanawake upande wa pili, dirisha moja katikati, tunasikia kila kitu. Nasaba aliisoma bila kukwama. Shekhe akafurahi, alimjua babu yetu kwa sifa. Ikaletwa tende, likaja dele la kahawa. Ndugu yangu akapewa finjani, akaipokea, akaiweka chini mbele yake.

Hakuinywa. Alinambia baadaye kwamba alikuwa akipanga maneno yake ya Kiarabu, akaona atakunywa akishatulia. Maskini, hakujua. Kwa watu wa kule, mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, maana yake amekuja na haja kubwa kwa mwenye nyumba, na hatakunywa mpaka atimiziwe. Nasi Unguja kahawa tuliinywa barazani tukipiga soga; nani angetufundisha hayo? Mke wa shekhe alikuwa anatumegea halua, mkono wake ukasimama hewani. Mimi nilikuwa nimeshaishi pale miaka, nilielewa, lakini mwanamke hawezi kuita dirishani.

Shekhe akasema, "Kunywa, mwanangu. Haja yako imekwisha."

Maneno hayo, yaani keshakubali kabla hajaisikia haja yenyewe, mtu mkubwa akishayasema hayarudi. Na ndugu yangu, akidhani anaulizwa haja yake kwa upole tu, akaisema. Alisema anataka kuwatibu watu wa Ibra mpaka afe, azikwe hapa. Lakini ile pasi nyingine aachiwe. Alisema aliwahi kuwa na pasi moja, ikafa mkononi mwake, na sasa ana watoto. Hawezi kuwaweka watoto wake penye kamba moja. Kisha akaishika finjani akanywa, maana kaambiwa anywe.

Nilisikia mwana wa ami anavuta pumzi. "Lahaula," akasema chini chini.

Shekhe hakusema hapana. Alisema, "Nimesikia." Juma lile lile, mzee yule na magoti yake mabovu, alikwenda Maskati. Alikaa huko siku kadhaa akisubiri kwenye milango ya watu waliokuwa wadogo kwake kwa umri. Hakwenda kwa jambo la kabila zima, alikwenda kwa ajili ya mtu mmoja na finjani moja.

Aliporudi hakumwita ndugu yangu. Alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akakaa kwenye mkeka, akakataa mto.

"Wamesema haiwezekani," akasema. "Mtu ana nchi moja. Nilikupa neno, nimeshindwa. Nimekuja unifungue."

Ndugu yangu akamsogelea. "Shekhe wangu, mimi sikujua maana ya ile kahawa. Nakuapia sikujua."

"Najua hukujua. Lakini mimi nilijua."

Ikabidi ndugu yangu amwambie, mbele yetu sote: nimekufungua. Na shekhe alipoinuka, alimwambia lile lililokuwa rahisi: "Iache ile ya Waingereza. Wewe ni wetu, hakuna atakayekutoa hapa."

Alipoondoka, mama akamshika mkono mwanawe. "Umesikia? Hapa kwenu."

"Na Unguja palikuwa kwetu, mama," akasema ndugu yangu. "Tulilala kwetu, tukaamka si kwetu."

Mama aliyajua hayo kuliko yeye, maana ndiye aliyetoka Unguja na kanga aliyojifunga tu.

Mwisho wake ndugu yangu alikuja kwa mkataba wa kazi. Mwana wa ami akamsimamia kuwa kafili wake, mdhamini, kama vile anavyomdhamini fundi wa kutoka Karachi. Akapewa chumba hospitalini na kibali cha kukaa kinachoongezwa. Mkewe na watoto walibaki Uingereza kwa skuli, wakija likizo. Yule bibi jirani alipasuliwa, akawaona wajukuu, akalalamika kwamba ni wabaya. Kina mama wa Ibra, na wa Al Mintirib waliotoka kwenye mchanga wa jangwani, walimjua kwa hatua zake. Lakini kwenye makaratasi alikuwa mgeni. Mitende ya baba ilipogawiwa, kwa kuwa yeye hakuwa mwananchi, tuliandika yote kwangu, na kila msimu nilimpelekea kapu lake la rutabu, tende mbivu, kama anayepeleka sadaka. Alikula akicheka. Mimi sikucheka.

Mama alikuwa na furaha miaka ile, lazima niseme. Ijumaa alimpikia wali wa nazi ya kopo, akimlaumu kwa hiyo nazi kana kwamba yeye ndiye aliyeitia kwenye kopo.

Katikati ya miaka ya themanini akaletwa kijana daktari wa Nizwa, kasomeshwa na serikali, mtoto mwenye adabu. Ndugu yangu alimfundisha mwaka mzima kazi ya kope na mtoto wa jicho. Kijana alipokamilika, mkataba wa ndugu yangu haukuongezwa. Nafasi ilikuwa ya mwananchi. Hata kijana mwenyewe alikuja kumuaga ndugu yangu kwa huzuni, akambusu mama kichwani. Mimi sioni kosa la mtu hapo. Nchi ilitaka watoto wake washike kazi, na ilikuwa haki. Ila nasema, na nasema mpaka leo, kwamba wangemwachia pasi zote mbili tungekuwa na madaktari wawili badala ya mmoja.

Ndugu yangu akarudi Uingereza, na mama hakuuliza atarudi lini. Aliacha kupika Ijumaa.

Alifariki mwaka uliofuata, alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri kama ilivyo sunna. Tulimpigia simu ndugu yangu, lakini pasi ya Kiingereza ilitaka viza, na viza ilimtaka kafili aende ofisini Maskati. Alipofika, matanga tulikwisha anua. Mwana wa ami alimpeleka makaburini. Makaburi yetu ya Ibra ni mawe tu, hayaandikwi, basi ikabidi aoneshwe kwa kidole: lile pale, la tatu kutoka ukutani. Alikaa chini juani mpaka mwana wa ami akamfunika kichwa kwa kilemba chake.

Nilimuuliza siku moja tukila, "Na leo wakikupa zote mbili?"

"Dada," akasema, "leo nitamrudia nani?" Kisha akaona uso wangu, akanishika bega. "Ningerudi. Hata leo."

Siku za viza zilipokwisha, mwana wa ami ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Mimi nilikaa kiti cha nyuma. Tulipoagana nilitaka tuondoke, lakini mwana wa ami hakutoka. Alisimama kwenye kioo mpaka ndege ikaruka, machozi yanamtoka, na bado anaitazama. Maana kafili ni yeye, na serikali ikiuliza, ndiye wa kujibu kwamba mgeni wake kaondoka.