Harusi Isiyo na Honi

Shangazi yangu Biubwa ana kanga moja iliyojaa matundu madogo madogo, utadhani panya waliifanyia karamu. Si panya, ni maji ya betri. Kanga hiyo hampi mtu wala haifanyi tambara, na siku akiivaa majirani wote wanajua kuna mahali atapeleka umeme.

Mumewe, Bwana Majaliwa, hubeba samaki kwa pikapu kutoka Mbegani hadi Dar es Salaam. Alinunua kwa fundi mmoja wa barabara aliyekuwa akirudi kwao kisanduku cha chuma, kizito kama tofali, kiitwacho inveta. Kisanduku hicho huchukua umeme wa betri ya gari kikaugeuza uwe kama ule unaotoka ukutani kwa wenye umeme wao. Mimi nimekitazama kwa karibu sana na bado naona ni ajabu: hakisogei, hakisemi, ila kinavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Gari ni la Majaliwa, lakini kisanduku ni cha shangazi. Kwenye shughuli zetu taa na santuri hutakiwa ndani kwa wanawake, na huko mwanamume haingii. Mara ya kwanza Majaliwa alielekeza kwa kupiga kelele dirishani, shangazi akaunganisha nyaya kwa kubahatisha, cheche zikarukia mtandio wa mtu. Kesho yake alimkalisha mumewe kwenye kibaraza akamwambia, "Nifundishe upya, na kila kitu uniambie kwa nini." Majaliwa mpaka leo husema, "Mahari nilitoa mimi, na ada ya ualimu sijalipwa!"

Ndiyo maana mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani ya mwaka huu wa 1973, alipoolewa Kibibi, aliyeitwa mbio alikuwa shangazi.

Baba yake Kibibi, Bwana Alawi, ni baharia wa meli za mizigo na harusi ilimkuta mbali. Ndoa ilifungishwa na ami yake Kibibi kwa uwakala, haina kasoro. Lakini asubuhi ya siku ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe Mbegani, mwenzake Alawi aliyeshuka Dar alifika na mashine ya kunasia sauti, ile yenye magurudumu mawili ya kanda, akasema, "Humu mna maneno ya baba kwa bintiye." Kibibi kusikia hivyo akagoma.

"Sitoki," alisema. "Baba kanitumia radhi zake, niondoke bila kuzisikia? Sitoki."

Mama yake, Bi Fatu, alimbembeleza. Hakusogea. Mashine inataka umeme wa ukutani, nyumba ni ya makuti na haina hata waya, na bibi harusi aliyefichwa ndani hawezi kupitishwa mjini kwenda kutafuta plagi. Kwa bwana harusi walimtarajia kabla ya Magharibi.

Baada ya Alasiri Majaliwa aliliegesha gari uchochoroni, pua kwenye dirisha la chumba, ekzosi ikatazama barabarani ili moshi usiingie ndani. Shangazi alikuja na kanga yake ya matundu. Kabla ya kugusa chochote alivua bangili zote na pete, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Biubwa!" alicheka Bi Sihaba, somo aliyemfunda bibi harusi. "Mikono mitupu harusini? Umekaa eda na mume tunamsikia anakohoa pale nje?"

"Nikae eda ya mume, nisikae eda ya mikono," alijibu shangazi. "Bangili ikilaza mguu huku na mguu huku juu ya vichwa viwili vya betri, inaiva ikiwa mkononi."

"Mimi bado mzima, jamani!" Majaliwa aliitikia huko nje, uso kaugeuzia ukutani kwa adabu. Wanawake wakaangua kicheko.

Kisanduku alikiweka kizingitini pa dirisha, penye upepo, nyaya nene zinazotoka kwenye betri zikawa fupi. Waya mrefu ukawa ule wa kuingia chumbani. Mtu akaja kutua sinia la asumini juu yake, shangazi akaliondoa. "Kinapumua hiki. Kikizibwa pua kitaungua." Bi Sihaba naye akazunguka nje na chetezo cha udi, alifukize gari la bibi harusi. Shangazi akachungulia dirishani. "Somo, fukiza huko nyuma! Betri ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto, na wewe una makaa mkononi."

"Hewa gani hiyo isiyopenda udi?" alinung'unika Bi Sihaba, lakini akaenda nyuma.

Gari likanguruma taratibu, kisanduku kikaanza kuvuma, magurudumu ya kanda yakazunguka. Ikasikika mikwaruzo, halafu kikohozi, halafu sauti ya Bwana Alawi hasa, kama yupo nyuma ya pazia:

"Kibibi, mwanangu..."

Hapo hapo sauti ikalegea, ikavutika, ikazama kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Kimya. Kisanduku nacho hakivumi.

Tukatazamana. Pembeni alikuwa ameduwaa Tatu, dada mdogo wa Bi Fatu, pasi ya umeme mkononi. Pasi aliletewa zawadi kutoka Unguja, hajawahi kuitumia, na alipoona kisanduku kina matundu mawili ya plagi akaona ndiyo siku yake ya kunyoosha mtandio wa bibi harusi, akaichomeka.

"Mimi nimeona tundu liko wazi," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Tundu liko wazi hata la nyoka," alisema Bi Sihaba.

"Mwacheni," alisema shangazi. "Pasi inakula kuliko taa za mtaa mzima, lakini nani alimwambia? Kosa langu, ningeliziba lile tundu."

Alimwambia Majaliwa azime gari, akatoa nyaya kwenye betri, ndipo akafungua kisanduku. Kijiti cha kioo cha fyuzi kilikuwa kimeungua, cheusi ndani. Cha akiba hakuna.

"Karatasi ya sigara!" Bi Fatu aliruka. "Ile ya kung'aa. Kila mtu anaviringisha hiyo, umeme unapita. Biubwa, jua linazama!"

Kibibi alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka viwikoni, anamtazama shangazi tu.

"Unapita, ndiyo," alisema shangazi. "Unapita hata unapotakiwa usimame. Fyuzi ni bawabu, Bi Fatu. Ukimwondoa bawabu ukasimamisha sanamu mlangoni, mwizi ataingia akitoa salamu. Na hapa juu ni makuti."

Bi Fatu akainua macho kwenye dari.

Shangazi aliigeuza ile fyuzi kwenye mwanga, akasoma namba iliyo kwenye kofia yake ya bati. Akainama dirishani kwa mumewe.

"Baba Dija, fyuzi ya honi ni namba gani?"

"Mama Dija, usinifanyie hivyo."

"Namba gani?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Lakini tupeleke bibi harusi kimyakimya? Mbegani watadhani tumeleta maiti!"

"Bila radhi hatupeleki mtu kabisa. Chagua."

Tulisikia mlango wa gari ukifunguliwa, mtu akilalamika peke yake, kisha mkono ukapenya dirishani na kijiti cha kioo. Shangazi alilinganisha namba mara ya pili, akakitia, akarudisha nyaya, gari likawashwa tena na kanda ikarudishwa mwanzo. Lile tundu la pasi akalifunika kwa kiganja chake mwenyewe, akakaa hivyo mpaka mwisho.

"Kibibi, mwanangu, mimi baba yako. Huku baridi, mwanangu, hata chai inatetemeka. Radhi zangu nimekupa, za dunia na za akhera. Kaa na mumeo kwa wema. Akikukera msamehe. Akikukera tena, msamehe. Ya tatu, mngojee nije."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Kibibi alisikiliza mpaka kanda ikaisha, akafuta macho kwa mgongo wa mkono asiharibu wanja, akasimama mwenyewe.

"Haya," alisema. "Twendeni."

Tulipita sokoni bila honi. Wanawake nyuma ya pikapu walipiga vigelegele kwa zamu, wa upande huu wakichoka wanapokea wa upande ule, na kwenye kila kona Majaliwa alitoa kichwa nje akapayuka, "Piii! Piii! Pisheni!" Watoto waliokuwa barabarani walimjibu, "Piii!", nao wakatukimbilia hadi nje ya mji.

Shangazi alikaa karibu nami, amefungua pindo la kanga, anavaa bangili zake moja moja. Alipomaliza akapumua, akainua mkono wote na kupiga kigelegele kirefu kuliko vyote, bangili zikalia nacho.