Mashine Haikatwi Kama Shamba

Mtaani walimwita Bi Unga, kwa kuwa kope zake zilikuwa nyeupe tangu ujana. Mashine ya kusaga nafaka ilikuwa ya baba yake, lakini miaka yote mzee alipolala kitandani ni yeye aliyeiendesha, akiijua inapokohoa na inapotaka kubembelezwa. Ndiyo iliyomlisha. Kaka zake wawili walifika siku ya mirathi tu, wamenyoosha mashati.

Baba mdogo, aliyekabidhiwa na ukoo kazi ya kugawa, alikwisha kulikata shamba mafungu matatu bila mtu kunung'unika, maana kila fungu lilibaki shamba. Akaligawa pipa la dizeli. Kila debe likabaki dizeli. Basi, amelewa uadilifu wake mwenyewe, akaingia kwenye kibanda cha mashine na kipimo kile kile.

"Mkubwa, injini. Wa pili, mawe ya kusagia. Nawe, mwanangu, mkanda na bakuli la kumiminia. Kila mtu kapata mashine."

"Kapata mashine?" Bi Unga alidakia. "Baba mdogo, ukichota maji mtungini, ulichochota ni maji. Ukikata mguu wa kiti, utaukalia?"

"Dada naye!" Kaka mkubwa akacheka. "Mkanda huo jifunge kiunoni, upendeze."

"Hukumu ni sawa kwa wote," baba mdogo akakata shauri. "Au wataka vyote, mchoyo wee?"

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Usawa gani huu, unaoua kitu kizima ili kila mmoja apewe kiungo cha maiti, kisha anayelia aitwe mchoyo?

Kaka wa pili alikwisha kutoa spana. Nje, wateja walisubiri na magunia yao. Bi Unga akampita, akatia dizeli, akauzungusha mpini wa kuwashia kwa nguvu zake zote. Injini ikanguruma. Mkanda ukazunguka hata usionekane.

"Haya!" alipaza sauti. "Kila mmoja na achukue mashine yake!"

Kaka mkubwa akapiga hatua, akautazama mkanda, akarudi nyuma. Baba mdogo alisema kitu, hakuna aliyesikia.

"Mimina, mama!" Bi Unga akamwamuru mteja wa kwanza.

Hakuizima mpaka baba mdogo, mweupe kichwa hadi viatu, alipomkaribia akapiga kelele sikioni mwake: "Ibaki nzima! Wagawane itakachochuma!"

"Watagawana," alijibu Bi Unga, "wakija kusaga nami."