Mkono wa Tatu

Mwalimu Paskalia alikuwa na miaka kumi na tisa, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko sauti yake. Nasema hivyo bila kumdharau, maana alinifundisha darasa la tano pale Kinole, mwaka wa sabini na nane, na sitaki mtu mwingine amseme. Nchi ilikuwa imeamua watoto wote waende shule. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki na kuambiwa watajifunza ualimu humo humo kazini. Paskalia alikuwa mmoja wao. Kabla ya hapo alibeba tenga la ndizi kichwani hadi soko la Mkuyuni, yeye na mama yake. Mama aliapa kwamba binti yake hatabeba tena.

Kilichobaki kilikuwa mkaguzi. Akimpitisha, Paskalia anathibitishwa kazini. Asipompitisha, tenga lilikuwa bado nyuma ya mlango.

Wiki ile tulikuwa tumefika kwenye "each" na "every". Kwa Kiswahili yote mawili ni kila, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mimi, Scholastika, nilikuwa na kiherehere. Nilimfuata baada ya kipindi nikamwuliza nitajuaje pa kutumia lipi. Alitazama kitabu, kisha akatazama dirisha. Akaniambia ni mamoja, nichague lolote. Kesho yake akaliambia darasa zima vivyo hivyo. Nani angemwuliza mwalimu mara mbili?

Mkaguzi alikuja Jumatano. Aliitwa Bwana Eustace, mtu aliyenyooka kama rula, na sifa zake zilifika kabla yake: huko alikotoka alikuwa amemwondoa mwalimu kwa kipindi kimoja tu. Tulisimama tukamwamkia shikamoo kwa pamoja. Paskalia alifundisha vizuri nusu saa nzima, ingawa chaki ilimvunjikia mara mbili. Kisha mkaguzi akainuka, akaandika ubaoni sentensi ya Kiingereza: mtu ana mikono miwili, na kila mkono una pete. Mahali pa "kila" akaacha pengo. Akatuuliza tuweke neno gani.

Tulijibu kwa sauti moja, watoto thelathini na wanane, tena kwa furaha. Tulisema "every", kwa kuwa ndilo lililokuwa tamu mdomoni.

Bwana Eustace hakupandisha sauti. Alisema vitu vikiwa viwili tu, "every" halitumiki, panawekwa "each", na mtoto wa darasa la tano anapaswa kujua hivyo. Darasa hili, alisema, halisikilizi linapofundishwa. Akaichukua fimbo iliyokuwa mezani, akampa Paskalia.

"Kila mtoto, kila mkono, fimbo moja. Nataka nione unavyolisimamia darasa, Mwalimu."

Fimbo haikuwa kitu kigeni kwetu. Tulichapwa kwa kuchelewa, tulichapwa kwa magugu katika shamba la shule. Siku ile niliogopa kwa sababu nilijua mwenye kosa ni nani, na nilijua kwamba naye anajua.

Alianza na Andrea, dawati la mbele. Kulia, kushoto. Andrea alikunja uso, hakulia. Akaja kwa Margareth. Kulia ilitua sawasawa, kushoto ikawa laini, na mkaguzi akakohoa. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilinyoosha mikono. Sikukusudia kumtazama usoni, lakini nilimtazama, naye akanitazama, na sote wawili tulikuwa tunalikumbuka lile dirisha.

Fimbo ilibaki juu. Moyoni nilimwomba apige, apige upesi, yaishe, abaki mwalimu wetu.

Aliishusha fimbo ubavuni mwake.

"Mzee, hawa hawana kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia maneno haya ni mamoja. Sikujua, nikaona aibu kusema sijui."

Mkaguzi alimwuliza kama anaelewa anachokisema, tena mbele ya wanafunzi. Akajibu kwamba anaelewa. Bwana Eustace akafungua daftari lake na kuandika kwa muda mrefu, nasi tukabaki tumesimama, mimi na mikono yangu bado hewani kama mjinga.

Jioni ile Paskalia alikwenda kwa kina Andrea. Baba mtu alidhani ameletewa mashtaka, akaanza kutafuta mkanda. Ilibidi aelezwe mara tatu kwamba ni mwalimu aliyekuja kumwomba radhi mtoto. Jambo hilo halikuwa limewahi kusikika mlimani kwetu. Kutoka hapo akaenda kwa kina Margareth, halafu akaja kwetu, ingawa mimi sikuchapwa. Alikataa kigoda.

"Uliniuliza vizuri," aliniambia. "Mimi ndiye niliyekujibu vibaya."

Barua kutoka Morogoro haikuchukua mwezi. Sikuisoma, wala sikuhitaji kuisoma. Jumamosi moja nilikutana na Paskalia njiani akiteremka Mkuyuni, mama yake mbele, kila mmoja na tenga lake. Nilisimama kando nikamwamkia: shikamoo, Mwalimu. Hakuweza kugeuza shingo kwa uzito wa ndizi, lakini alisimama.

"Marahaba. Mmefika ukurasa gani?"

Nikamwambia tupo palepale alipotuacha. Hatukuwa tumeletewa mwalimu mwingine.